Skonzi za viazi za Uskoti: mwongozo kamili wa kuzipika nyumbani kwa ajili ya branchi

Kabla hatujawasha moto tuelewane kitu kimoja, neno skonzi hapa lisikupeleke kwenye ile mikate midogo iliyoumuka unayoipasua katikati ukapaka jamu. Skonzi ya viazi ya Uskoti ni bapa, unene wake kama nusu sentimita tu, laini, ndani ina unyevu wa kiazi na juu ina mabaka ya kahawia ya chuma cha moto. Waskoti wenyewe wanaiita tattie scone, tattie kwa Kiskoti ndo kiazi, na ukiagiza kifungua kinywa kamili Glasgow au Edinburgh utaikuta imelala pembeni ya mayai, umbo la pembetatu, iko pale inasubiri kiini cha yai kipasuke. Ireland ya Kaskazini nao wana ndugu yake wa karibu kabisa, mkate wa viazi ambao wengine wanauita fadge, na wao pia wanauweka kwenye sahani ya asubuhi.

Na branchi ndo mahali pake hasa. Ule mlo wa saa nne saa tano asubuhi, watu wameamka taratibu, hakuna anayekimbilia kazini, kuna muda wa kuchemsha viazi na kuvikausha vizuri. Siku ya kazi asubuhi hii kitu sikushauri, utaiharakisha na ukiiharakisha inaharibika.

Viungo ni vinne tu, viazi, siagi, chumvi na unga wa ngano, kwahiyo hakuna pa kujificha. Kinachotenganisha skonzi tamu na skonzi inayokaa mdomoni kama karatasi iliyolowa ni maji. Kiazi kikibaki na maji mengi utalazimika kuongeza unga ili donge lishikane, na kila kijiko cha unga unachoongeza kinafukuza ladha ya kiazi. Kiazi kikiwa kikavu na bado cha moto, unga kidogo sana unatosha, alafu unapata kitu laini chenye ladha ya kiazi chenyewe. Karibu kila hatua huko chini ni namna ya kufukuza maji au kulinda joto, ukilielewa hilo unaweza hata kusahau vipimo na bado ukapika vizuri.

Vipimo vyenyewe

Kwa watu wanne: nunua viazi kama gramu 700 vikiwa vibichi na maganda yake, manake unachotaka mwishoni ni gramu 500 za kiazi kilichoiva, kumenywa na kupondwa. Siagi gramu 40. Chumvi kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha juu, usijaze mlima. Unga wa ngano mweupe wa kawaida gramu 100, na mwingine kidogo wa kunyunyizia ubao. Hapo unatoka na duara nne za upana wa sentimita 20 hivi, kila duara vipande vinne, jumla 16.

Mayai hayaingii, maziwa hayaingii. Najua mkono unawasha kuongeza maziwa kwasababu ndivyo tulivyozoea kwenye viazi vya kuponda, lakini hapa ni maji tu unayarudisha. Bekingi pauda wapo wanaoweka nusu kijiko cha chai na skonzi inakuwa nyepesi kidogo, mi siweki, napenda ikiwa imeshiba na inakunjika bila kukatika. Ukiweka hujakosea.

Kwenye siagi, kama ni ya chumvi punguza chumvi yako iwe robo tatu ya kijiko. Wasiokula maziwa watumie mafuta ya kupikia yasiyo na harufu vijiko viwili vya chakula, inatoka vizuri ila ule utamu wa siagi utaukosa, sitakudanganya.

Kuchagua viazi

Hapa ndo naomba usipite haraka. Viazi viko makundi mawili makubwa. Kuna vile vya unga, ukichemsha vinapasukapasuka juu, ndani vyeupe na vikavu, vinamegeka vyenyewe, na kuna vile vinavyobaki vigumu na vinateleza, vizuri kwenye saladi manake havibomoki. Unataka vya kwanza. Uingereza na Uskoti watu wanatumia Maris Piper, King Edward au Rooster, na ukibahatika kupata Golden Wonder au Kerr's Pink, hizo ni mbegu za Uskoti kabisa za mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa skonzi hazina mpinzani, hasa Golden Wonder ambayo ni kavu kiasi kwamba usipoiangalia inabomoka kwenye sufuria.

Kama kiazi ulichonacho hakina jina, pima. Changanya nusu kikombe cha chumvi kwenye vikombe vitano na nusu vya maji, koroga mpaka iyeyuke, alafu tumbukiza kiazi kibichi. Kikizama kina wanga mwingi, ndo wa kwetu huyo. Kikielea kina maji mengi, peleka kwenye saladi au mchuzi. Sio uchawi, wanga ni mzito kuliko maji kwahiyo kiazi chenye wanga mwingi kinakuwa kizito kwa ukubwa uleule.

Viazi vichanga vile vya ganda jembamba linalotoka kwa kukwangua na kidole achana navyo, vina maji. Na viazi vilivyokaa friji navyo vina tatizo lake, baridi inafanya sehemu ya wanga igeuke sukari, matokeo yake skonzi inakuwa na utamutamu usioeleweka na inaungua rangi haraka kabla ndani hakujakaa sawa. Weka viazi sehemu yenye giza, kavu na yenye ubaridi wa kawaida, sio friji. Vikiwa na ukijani kwenye ganda kata sehemu hiyo yote na ukate kwa kina, ukijani ukienea kiazi kizima tupa, ule uchungu wake ni sumu inayoitwa solanini na kuchemsha hakuiondoi.

Kuchemsha, na muhimu zaidi, kukausha

Chemsha na maganda. Najua kumenya kiazi cha moto ni kero, lakini ganda ni kama koti la mvua, linazuia maji yasiingie ndani. Chagua viazi vya ukubwa unaolingana, vya kujaa kiganja hivi, vioshe, weka kwenye sufuria, mimina maji ya baridi yavifunike kwa vidole viwili, tia chumvi, kama gramu 10 kwa kila lita. Maji ya baridi sio ushamba, ukitumbukiza kiazi kizima kwenye maji yanayochemka nje inaiva na kuanza kubomoka wakati katikati bado kugumu, ukianza na baridi joto linaingia polepole pote kwa pamoja.

Yakianza kuchemka punguza moto, yawe yanatokota taratibu tu, sio yale mapovu ya kurusha kifuniko. Dakika 25 mpaka 30 kwa viazi vya ukubwa huo. Choma na kisu chembamba katikati, kikiingia bila kubisha na kiazi kinateleza chenyewe kutoka kwenye kisu, tayari. Kama una haraka sana menya na kata vipande vikubwa vinavyolingana, dakika 15 vimeiva, ila ujue maji yameingia na itabidi ukaushe kwa muda mrefu zaidi.

Mwaga maji yote, acha kwenye chujio dakika mbili mvuke utoke. Shika kiazi na taulo la jikoni, vuta ganda na kisu kidogo, likiwa la moto linatoka lenyewe kama soksi. Sasa rudisha viazi kwenye sufuria ileile iliyo kavu, moto mdogo kabisa, bila kifuniko, tikisa sufuria kila baada ya sekunde chache kwa dakika mbili hivi. Utaona mvuke mwingi unapanda, alafu unapungua, alafu kingo za viazi zinaanza kuwa nyeupe na kama zimepakwa unga. Hapo ndo umefika. Zima, funika na taulo kavu la kitambaa, sio kifuniko cha sufuria manake kifuniko kinakusanya mvuke na kuudondosha tena ndani, taulo linaunywa. Dakika tano.

Hiyo dakika saba ya kukausha ndo watu wengi wanairuka na ndo siri yote ya hii kitu. Mara ya kwanza nilipopika niliiruka, nikaongeza unga, ukanata, nikaongeza tena, mwisho nilikuwa na karibu nusu kwa nusu ya unga na kiazi, na nilichotoa jikoni kilikuwa chapati nzito tu isiyo na ladha ya kiazi hata kidogo.

Kuponda

Ponda vikiwa vya moto. Kama una kile kichuma cha kubana, unaweka kiazi ndani unabana vipini na kiazi kinatokea chini kama tambi, tumia hicho, hakiachi mabonge. Kama huna, kipondeo cha kawaida kinatosha, au sugua kwenye chujio la waya na mgongo wa kijiko, inachosha mkono lakini inatoka laini kama wingu. Mabonge yaishe hapa, usijipe moyo kwamba yatapotea baadaye kwenye kusukuma, bonge moja tu la ukubwa wa harage linapasua skonzi yako katikati.

Blenda usiiguse. Ndani ya kiazi kilichoiva kuna vijumba vidogovidogo vilivyojaa wanga uliovimba, ukivitenganisha taratibu vinabaki vizima na kiazi kinakuwa laini, ukivikata na visu vinavyozunguka kasi vinapasuka na wanga wote unamwagika nje, na wanga uliolowa ni gundi. Hiyo gundi haina tiba, hata ukiongeza unga inabaki inavutika kama mpira.

Sasa pima kwenye mizani. Kama zimetoka gramu 450 au 550 sio mbaya, kumbuka uwiano tu, sehemu tano za kiazi kwa sehemu moja ya unga. Tia siagi na chumvi kwanza kiazi kikiwa bado cha moto, changanya mpaka siagi iyeyuke yote, alafu onja. Onja sasa hivi, kabla ya unga, manake unga ukishaingia kuonja sio vizuri na pia unga utapunguza ukali wa chumvi, kwahiyo hapo iwe imekolea kidogo kuliko unavyopenda. Kama unatumia pilipili manga ndo wakati wake.

Kuchanganya unga

Chekecha unga juu ya kiazi, weka gramu 80 kwanza, zile 20 ziache pembeni. Changanya na mwiko kwa kukunja kutoka chini kuja juu, ukiona imeanza kushikana ingiza mkono, kusanya, bonyeza, geuza, bonyeza. Ukibonyeza na kidole na kidole kikatoka kisafi na donge likabaki na alama, usiongeze unga mwingine. Kikitoka na kiazi kimenata ongeza zile 20 kidogokidogo. Ukifika gramu 120 na bado linanata vibaya, tatizo ni maji kwenye viazi, nitakuambia cha kufanya huko mbele, ila usiendelee kumimina unga.

Usikande. Hii sio mandazi wala mkate, hatutaki unga uvutike, tunataka ushikilie kiazi tu basi. Kukanda sana kunaleta ugumu kutoka kwenye unga na gundi kutoka kwenye kiazi, yani unapoteza pande zote mbili. Likishakuwa donge moja acha.

Alafu usilipumzishe. Donge la chapati tunalipumzisha, hili hapana. Kiazi kikipoa wanga wake unaanza kujipanga upya na kukaza, donge linakuwa na nyufanyufa, ukisukuma linapasuka kingo zote. Lifanyie kazi likiwa la uvuguvugu, joto la mkono unaweza kulivumilia bila shida.

Kusukuma na kukata

Gawa mafungu manne, kila moja kama gramu 155 hivi, yale matatu yafunike na taulo yasipoe. Nyunyizia unga kwenye ubao, kidogo, tandaza na kiganja. Finyanga fungu lako duara kama mpira, libonyeze na kiganja liwe bapa, alafu kwa kifimbo sukuma kwa mkono mwepesi, ukilizungusha robo kila baada ya kusukuma mara mbili ili lisigande chini. Unene milimita tano. Nikisema tano namaanisha tano, ikiwa milimita tatu inakauka na kuwa ngumu, ikiwa kumi nje inaungua na ndani unga haujaiva. Kingo zitakuwa na vipasuko vidogo, kawaida, vibane na vidole au weka sahani ya upana wa sentimita 20 juu ukate kuizunguka na kisu. Vile vipande vya pembeni vikusanye usukume tena mara moja tu, vikirudiwa sana vinakuwa vigumu.

Kata msalaba upate robo nne. Kila robo Waskoti wanaiita farl, neno lenye asili ya kumaanisha sehemu ya nne, na ndo maana umbo la asili ni robo ya duara na sio duara dogo. Choma kila kipande na uma mara tatu nne, mashimo yafike chini, mvuke upate pa kutokea, bila hivyo katikati inavimba na sehemu iliyovimba haigusi chuma, inabaki nyeupe.

Kuchoma

Kifaa cha asili ni chuma bapa kizito cha duara ambacho Uskoti wanakiita girdle, hapo zamani kilikuwa kinaning'inizwa juu ya moto. Tawa la chuma ni kitu kilekile kabisa na kama unalo umeshinda. Fraipani nzito ya chini bapa inafaa pia. Nyembamba sana sipendekezi, zinaunguza katikati na pembeni zinaacha.

Pasha moto wa wastani dakika tano nzima kabla ya kuweka chochote. Alafu jaribu kwa unga, nyunyizia kidogo tu katikati ya chuma. Ukigeuka kahawia taratibu ndani ya kama dakika moja, moto uko sawa. Ukigeuka mweusi papo hapo, umezidi, toa chuma kwenye moto dakika mbili. Ukibaki mweupe, subiri. Ufute ule unga na kitambaa kikavu.

Paka mafuta au siagi kidogo mno, zile za kufuta na karatasi, yani chuma king'ae tu. Ukimwaga mafuta hapa utapata kitu cha kukaanga na sio skonzi, kukaanga kuna wakati wake. Panga robo nne, usizisogeze. Dakika tatu mpaka nne. Nyanyua kona moja uchungulie, unatafuta mabaka ya kahawia ya dhahabu juu ya sehemu nyeupe iliyokauka, sio kahawia ya kuenea kote, na sio nyeusi. Geuza na mwiko bapa mpana, upande wa pili dakika tatu. Ukigusa katikati isiwe inanesa kama donge bichi, iwe imekaa.

Ikitoka usiiache wazi kwenye sahani. Tandaza taulo safi la kitambaa, weka skonzi ndani, kunja taulo juu yake, na kila raundi inayotoka panga juu ya iliyotangulia. Mvuke wao wenyewe unalainisha lile ganda la juu na zinakuwa za kukunjika. Ukizipanga kwenye sahani wazi zinakauka kingo ndani ya dakika kumi. Kati ya raundi na raundi futa chuma manake unga uliodondoka unaungua na kuleta uchungu kwenye raundi inayofuata.

Kuiweka mezani

Kuna njia mbili na mi nazipenda zote ila sio kwa siku moja.

Ya kwanza ni kuila ikitoka tu kwenye taulo, unapaka siagi ikiwa ya moto, inayeyuka na kuingia kwenye yale matundu ya uma, unaikunja unakula na chai nzito ya maziwa. Wapo wanaoweka jamu juu ya siagi, inaenda. Watoto hii ndo wanaipenda.

Ya pili ndo ya sahani kubwa ya Kiskoti, na hapa skonzi inakaangwa tena. Unaanza na nyama zako kwenye fraipani, soseji ya Lorne, ambayo ni soseji isiyo na utumbo, inatengenezwa kwenye chombo cha pembenne na kukatwa vipande vya mraba, inakuwa ya ng'ombe au nguruwe au mchanganyiko kwahiyo kama unachagua nyama uliza kabla ya kununua. Kuna bekoni, kuna ile pudingi nyeusi inayotengenezwa kwa damu, kuna hagisi iliyokatwa vipande, ile ya moyo, maini na mapafu ya kondoo yaliyosagwa na kuchanganywa na oti. Zikishatoka, mafuta yaliyobaki kwenye fraipani ndo unayokaangia skonzi, dakika mbili kila upande, kingo zinakuwa kavu za kulia mdomoni na katikati kunabaki laini. Kama huli nguruwe wala damu hukosi kitu kikubwa, kaanga soseji ya ng'ombe na utumie mafuta yake, au kijiko cha siagi na tone la mafuta ya kupikia ili siagi isiungue. Mayai ya kukaanga, uyoga, nyanya iliyokatwa nusu ikakaangwa upande wa kisu, maharage ya kopo kwa wanaotaka.

Kuna pia ya haraka ambayo Waskoti wanaila wakiwa wamesimama, mkate mdogo wa mviringo laini umepasuliwa, ndani kipande cha Lorne na skonzi moja ya viazi. Ndio, wanga ndani ya wanga, na ukiila asubuhi yenye baridi utaelewa kwanini.

Muda ndo unaoharibu branchi nyingi, kila kitu kinataka fraipani moja kwa wakati mmoja. Kama wageni wanakaa mezani saa nne kamili, weka viazi jikoni saa mbili kamili. Mpaka saa tatu kasorobo vimeiva, saa tatu vimekauka na kumenywa, saa tatu na robo donge liko tayari na raundi ya kwanza inaingia kwenye tawa. Raundi nne kwa dakika saba saba unamaliza kama saa tatu na dakika 45. Nyama na uyoga vianze kwenye fraipani ya pili wakati unachoma raundi ya tatu, mayai yawe ya mwisho kabisa watu wakiwa wameshakaa. Ukiwa na jiko la sehemu moja tu, choma skonzi zote jana yake na leo ukaange, na kusema kweli skonzi ya jana ikikaangwa ni tamu zaidi kuliko ya leo ikikaangwa, manake imekaza kidogo, hainywi mafuta hovyo na inapata ganda zuri.

Ikigoma

Donge linanata na umeshafika gramu 120 za unga: rudisha kwenye sufuria pana, moto mdogo, geuzageuza na mwiko dakika tatu likauke, alafu jaribu tena. Inaokoa mara nyingi. Donge limepoa na linapasuka: funika na taulo, weka kwenye maikrowevu sekunde 20, au bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, likipata uvuguvugu linarudi. Zinakatika ukigeuza: umegeuza mapema, ngoja upande wa chini ukae, au mwiko wako ni mwembamba. Nje kahawia ndani unasikia ladha ya unga mbichi: moto mkali, punguza uongeze dakika moja kila upande. Ngumu kama kadibodi: unga mwingi, au umesukuma nyembamba, au umeziacha wazi, na hizo zikaange tu leo, kesho ubadilishe.

Kama una viazi vya kuponda vilivyobaki kwenye chakula cha usiku unaweza kutumia, na nyumba nyingi za Uskoti skonzi ilikuwa ndo njia ya kumalizia viazi vya jana. Ila kama viliwekwa maziwa vitataka unga zaidi, na vipashe moto kwanza mpaka vikauke kidogo, usichanganye vikiwa vya baridi kutoka friji. Chumvi na siagi usiongeze kabla hujaonja.

Ukitaka kubadilisha ladha, majani ya kitunguu yaliyokatwa ndogondogo vijiko viwili vya chakula yanaingia pamoja na unga, au gramu 50 za chizi ngumu ya cheddar iliyokwanguliwa, hapo punguza chumvi na uwe makini na moto manake chizi inaungua haraka. Kwa wasiotumia ngano, oti iliyosagwa laini inafanya kazi vizuri na sio kitu kigeni kwenye jiko la Kiskoti, nunua iliyoandikwa haina gluteni, ila donge linakuwa la kubomokabomoka kwahiyo sukuma duara ndogo za upana wa sahani ya kikombe na uziinue na kisu kipana.

Kuhifadhi

Zipoe kabisa ndani ya taulo, alafu weka kwenye chombo chenye kifuniko, friji siku tatu. Kwa friza, weka karatasi ya kuokea kati ya kila moja zisigandane, funga kwenye mfuko ukitoa hewa, miezi miwili zinakuwa bado vizuri. Za friza hazihitaji kuyeyushwa, weka moja kwa moja kwenye fraipani yenye siagi kidogo, moto wa chini ya wastani, dakika tatu kila upande, au kwenye tosta mara mbili mfululizo. Maikrowevu inazilainisha mpaka zinalegea, ukilazimika weka sekunde 20 alafu zimalizie kwenye chuma cha moto.